Aleji ya karanga: wenzetu wameshajaribu dawa kwa watoto. Sisi wa Dodoma tunasimama wapi?

#1 Mjomba wa Nzuguni (mleta uzi)

Wakuu, mbukwenyi.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, yuko darasa la pili. Karanga na yeye haviendi kabisa. Sizungumzii kuwashwa kidogo. Midomo inavimba, sauti inakwaruza, anakohoa mfululizo, mwili mzima unatoka mabaka kama kapita kwenye upupu. Hospitali walishampima, wakasema ni mzio wa karanga. Hilo tumelipokea.

Kazi ni kwamba tunaishi Dodoma. Mlenda umetiwa karanga. Mchicha, majani ya maboga, majani ya kunde, vyote vinaungwa kwa karanga. Uji wa lishe ndiyo usiseme. Getini mwa shule wamepanga kashata. Dada akipeleka ulezi mtupu kusagisha, mashine imetoka kusaga lishe ya mtu mwingine sasa hivi, na unga wa kwanza unaotoka unanukia karanga waziwazi.

Juzi kazini jamaa ananiambia Marekani kuna sindano imepitishwa, na kuna nyingine ya kumeza. Naomba wenye ufahamu mnieleze: inatibu au inatuliza? Waliijaribu vipi kwa watoto bila kuwaua? Na kwa mtu wa huku ina maana gani?

Wauza mizizi, naombeni mpite kimyakimya leo.

#2 Zabibu Kavu

Nimeweka kambi. Ila mkuu, haya magonjwa yameanza lini huku kwetu? Babu yangu Mpwapwa kala karanga mbichi shambani mpaka kazeeka na meno yake yote.

#3 Mama Lishe wa Makole

@Zabibu Kavu babu yako alikula, sawa, Mungu amzidishie. Na wale watoto waliokuwa wanavimba shingo na kufa jioni moja, tukaambiwa wamerogwa, nani aliwapima? Usitumie babu mmoja kufunga hoja.

Mleta uzi, mimi napika. Mteja akiniambia hali karanga namwambia ukweli: kwangu kula wali maharage, maana mwiko wa mboga ni mmoja na siku ya watu wengi sitakumbuka kuuosha. Ananuna, lakini anaondoka mzima.

#4 Mfamasia Mzururaji

Mkuu Mjomba, nitajibu kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Mwili wa mwenye mzio unatengeneza kingamwili aina ya IgE dhidi ya protini za karanga. Hizo IgE zinajibandika kwenye seli fulani, protini ikiingia zinafyatuka, seli zinamwaga kemikali, histamini na wenzake. Ndiyo uvimbe, mabaka, kubanwa pumzi, presha kushuka.

Njia ya kwanza iliyojaribiwa ni kuzinasa hizo IgE kabla hazijajibandika. Mwaka 2003 kulichapishwa jaribio la sindano iliyoitwa TNX-901. Washiriki walikuwa 84. Waliopewa dozi ya juu walitoka kwenye kuvumilia kama nusu punje ya karanga wakafika karibu punje 9. Watu walishangilia. Lakini kampuni zilizohusika zilikuwa kwenye mgogoro wa kisheria na dawa ikaishia kabatini. Ndugu yake, omalizumab, inayouzwa kwa jina la Xolair, ikapitishwa mwaka huohuo kwa ajili ya pumu. Wenye mzio wa chakula wakasubiri mpaka Februari 2024 ndipo FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikairuhusu kwao, kuanzia umri wa mwaka mmoja. Miaka 21. Pesa na mawakili walichangia kuchelewesha.

Njia ya pili ni kumzoesha mwenye mzio kwa karanga zenyewe. Palforzia ni unga wa karanga uliopimwa kwa umakini. Unaanza na nusu miligramu ya protini, unapanda taratibu kwa miezi hadi miligramu 300 kila siku, na kila hatua mpya inaanzia kliniki mbele ya daktari. Jaribio lake lilichapishwa 2018. Kwa watoto wa miaka 4 hadi 17, waliotumia unga wa kweli asilimia 67 waliweza kumeza miligramu 600 za protini mwishoni. Waliopewa unga wa bandia ni asilimia 4. FDA wakaipitisha Januari 2020.

Sindano nayo matokeo yake yanafanana: asilimia 67 ya waliochomwa dawa dhidi ya 7 ya waliochomwa ya bandia, kipimo kilekile cha miligramu 600.

Jibu la swali lako la kwanza: hakuna hata moja inayotibu. Zote zinainua kizingiti, yaani kiasi cha karanga anachoweza kumeza kabla hajadhurika. Ukiacha, mwelekeo ni kurudi ulikotoka.

#5 Zabibu Kavu

Subiri kwanza. Kwa hiyo walichukua watoto wanaojulikana karanga zinawadhuru, wakawalisha karanga?

#6 Mfamasia Mzururaji

Ndiyo, na hakuna kipimo kingine cha uhakika kuliko hicho. Kinaendeshwa hivi. Mtoto anakuja asubuhi akiwa mzima, hana mafua, pumu imetulia. Anapewa uji au kitu kitamu kilichofichwa protini ya karanga: miligramu 1, kisha 3, 10, 30, 100, 300, 600. Kati ya kijiko na kijiko wanasubiri kama dakika 20 au 30, wanamwangalia ngozi, wanamsikiliza kifua. Siku nyingine anakula vilevile lakini hakuna karanga ndani. Mama hajui siku ipi ni ipi, mtoto hajui, hata daktari anayemwangalia hajui. Ikitokea dalili ya kweli, wanasimamisha palepale na adrenalini iko mezani, imeshavutwa.

Mnajua kwa nini hawaambiwi? Kwa sababu hofu yenyewe inaleta tumbo kuuma na kuwashwa. Wapo watoto wanaopata dalili siku isiyo na karanga.

Kuingia kwenye jaribio la sindano ilibidi mtoto adhurike kwa miligramu 100 au chini, yaani hata nusu ya punje haifiki. Punje moja ina kama miligramu 250 hadi 300 za protini. Hao ndio walioanza nao.

#7 Mgeni Area D

Mbona mnazungusha. Mimi mwanangu nampa robo punje kila asubuhi nyumbani tangu mwaka jana, sasa hivi anakula kipande cha kashata. Sijalipa hata mia. Anayetaka aje inbox nimpe ratiba.

#8 Tabibu wa Bahi

@Mgeni Area D, kaka, usimpe mtu ratiba. Kama mwanao alikuwa na mzio wa kweli umebahatika, na kama hakuwa nao basi hujatibu kitu.

Kwenye lile jaribio la unga, kila hatua ikisimamiwa, asilimia 14 ya watoto waliokuwa kwenye dawa halisi walihitaji adrenalini wakati fulani, na zaidi ya mmoja kati ya kumi walijitoa kwa sababu ya madhara. Hao ni watoto wenye namba ya simu ya daktari na gari nje. Na kuna siku mwili unashuka: mtoto ana homa, au kakimbia mpira jua la saa nane, au kala dozi tumbo likiwa tupu. Dozi aliyoizoea mwezi mzima inamgeuka siku hiyo. Nyumbani utajuaje? Na robo punje yako ya leo na ya kesho zina uzito mmoja?

Wazazi mnaosoma, msijaribu hii.

#9 Mgeni Area D

Sawa daktari, nimeelewa. Lakini hizo za kwenu ni za matajiri.

#10 Mfamasia Mzururaji

Hapo kwenye utajiri hajakosea. Sindano ilipopitishwa, bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa kama dola 2,900 kwa mwezi kwa mtoto. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni 7. Kwa mwezi! Inachomwa kila wiki mbili au nne, bila mwisho unaojulikana. Kabla hujamtumia ndugu wa Dar hela ya kuitafuta, ingia kwenye orodha ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya hapa nchini, ya dawa zilizosajiliwa, iko mtandaoni. Dawa ya sindano iliyopita kwenye begi la mtu bila friji usimchome mtoto.

Ila mimi nina hoja kubwa kuliko bei. Fikirini miligramu 600 ni kiasi gani. Punje mbili na kitu. Kijiko kimoja cha chakula cha karanga za kusaga kina gramu kama 8, na robo ya karanga ni protini, kwa hiyo hapo kuna miligramu 2,000. Kijiko kimoja! Sasa mama wa Kigogo anayeunga mlenda wa familia anatia vijiko vingapi?

Hizi dawa zimetengenezwa kwa ajili ya nyumba ambayo karanga inaingia kwa bahati mbaya: biskuti iliyochanganyika kiwandani, kijiko kilichotumika, kisu kilichopakia siagi ya karanga. Hapo kizingiti cha punje mbili kinaokoa maisha. Huku kwetu karanga inaingia kwa makusudi, tena kwa upendo, mama mkwe anakuongezea. Mtoto aliyechomwa sindano akila bakuli la mlenda kwa kudhani amepona, anaweza kufa akiwa na dawa mwilini. Wapo kwenye jaribio waliokwenda mbali sana kuliko hizo 600, ni kweli. Lakini FDA wenyewe walisema asilimia 17 ya waliochomwa hawakupata mabadiliko ya maana. Huwezi kujua mwanao yuko kundi lipi kwa kumtazama usoni.

Kwa hiyo kwa maoni yangu hata zikiletwa bure kesho, kitu cha kwanza kubadilika bado ni chungu.

#11 Zabibu Kavu

Dah. Hiyo hesabu ya kijiko imenikalisha chini.

#12 Mjukuu wa Chipukizi

Mimi nauliza tofauti. Isije kuwa ni sumukuvu mnaiita aleji? Si ndiyo iliua watu Kondoa na Chemba?

#13 Tabibu wa Bahi

Swali zuri, maana hata zahanati watu wanachanganya.

Sumukuvu ni sumu ya fangasi wanaoota kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Haichagui mtu. Ule mlipuko wa 2016 wa Dodoma na Manyara ulitokana na mahindi, waliugua watu 68 na 20 wakafariki. Ini ndilo linaloshambuliwa: macho ya njano, tumbo kuvimba, kutapika, na inachukua siku. Waliokula chungu kimoja wanaugua pamoja.

Mzio unachagua mmoja mezani. Wenzake wanaendelea kula, yeye ndani ya dakika chache, mara nyingi haizidi saa mbili, anavimba na kubanwa. Karanga inaweza kuwa safi kabisa, imetoka shamba leo.

Halafu niongeze jambo la vipimo. Kipimo cha damu kikisema kuna IgE ya karanga bado hujathibitisha mzio. Watafiti walipima watoto wa shule Ghana, wakakuta wengi wana IgE ya karanga na wanakula karanga bila shida yoyote. Walipofuatilia, ilihusiana na kichocho: mwili unapambana na mdudu, kingamwili zake zinafanana na za karanga kwenye mashine. Sisi tuna mabwawa na minyoo. Kwa hiyo daktari anayeandika "mzio wa karanga" kwa karatasi ya maabara pekee, bila kuuliza mtoto alikula nini na ikatokea nini, anaweza kumnyima mtoto chakula bure. Kwa mpwa wa Mjomba historia ipo wazi, hilo halina ubishi.

Na minyoo inagusa hata ile sindano. Dozi yake inapangwa kwa uzito na kiwango cha IgE yote ya damu, na jedwali lina mwisho, uniti 1,850 kwa mililita. Mtoto mwenye minyoo anaweza kupita hapo kirahisi. Tena maelekezo ya dawa yanatahadharisha kuhusu watu wanaoishi penye minyoo mingi, kwa sababu IgE ndiyo hiyo mwili unaitumia kupambana nayo. Jaribio lilifanyika Marekani. Likifanyika huku naamini matokeo yangekuja na sura yake.

#14 Mwanaharakati Huru

Ndiyo mwanzo wa kutugeuza panya wa maabara huo. Leo aleji, kesho chanjo.

#15 Mfamasia Mzururaji

Ndugu, majaribio tunayozungumzia hapa yalifanyika kwa watoto wao, huko kwao, na wazazi walipanga foleni. Malalamiko yangu ni kinyume cha yako: dawa isiyojaribiwa kwa watu wanaoishi kama sisi ikija, tutaitumia kwa kubahatisha. Na hapa nchini jaribio la dawa halianzi bila kibali cha TMDA na kamati ya maadili ya utafiti, NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) wakiwemo. Mzazi anasaini, na anaweza kumtoa mwanawe siku yoyote bila kutoa sababu.

#16 Mama Kichanga

Samahanini, naingilia. Nina mtoto wa miezi sita, ndiyo naanza kumlisha. Kwa hizi habari si bora nimnyime karanga mpaka akue?

#17 Tabibu wa Bahi

Hapana mama, usimnyime. Ushauri wa zamani ulikuwa huo, na ukapinduliwa mwaka 2015 London. Watoto wachanga 640, wa miezi 4 hadi 11, wote wenye pumu ya ngozi kali au mzio wa mayai, yaani walio kwenye hatari. Nusu walilishwa karanga kila wiki, nusu walikatazwa, mpaka miaka mitano. Waliokatazwa, kama 17 katika kila 100 walipata mzio. Waliolishwa, 3 tu.

Uji wetu wa lishe umekuwa ukifanya hivyo muda mrefu bila kupewa sifa. Ila asipewe punje nzima, itampalia. Iwe imesagwa laini, anza kidogo mchana ukiwa naye. Kama ana ukurutu mkali wa ngozi au yai lilishamdhuru, muone daktari kwanza.

#18 Mama Kichanga

Asante sana, daktari. Ngozi yake iko sawa.

#19 Mjomba wa Nzuguni

Wakuu nawashukuru, sikutegemea. Nimempigia dada nikamsomea ile ya kijiko, akakaa kimya, kisha akasema "sasa umeongea." Swali langu lililobaki: mtoto akila kwa bahati mbaya, pale pale tunafanya nini? Tumezoea kumpa Piriton na maziwa.

#20 Tabibu wa Bahi

Maziwa weka pembeni. Piriton inatuliza muwasho, haifungui koo wala hairudishi presha. Dawa ni adrenalini, ile ya kichupa kidogo cha miligramu 1 kwenye mililita 1, na inachomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Kwa mtoto wa kilo 20 ni mililita 0.2. Asipopata nafuu ndani ya dakika 5 inarudiwa. Haya ni ya mhudumu wa afya, nayaandika ili mjue cha kuuliza. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ni ya bei ndogo.

Fanyeni hivi: kabla hakijatokea kitu, dada aende kwenye zahanati iliyo karibu zaidi na nyumbani na iliyo karibu na shule, aulize kwa mdomo wake, "Adrenalini mnayo leo? Usiku nani anakuwepo?" Kuna zahanati niliwahi kupangiwa, kichupa kilikuwepo, kimefungiwa kwenye kabati la mganga mfawidhi na mfawidhi yuko semina. Bora mjue mapema ni wapi pa kukimbilia.

Njiani mtoto alale, miguu juu. Kama anabanwa pumzi, akae, lakini msimsimamishe wala kumtembeza mpaka kwenye bodaboda, presha ikiwa chini kusimama ghafla kunaweza kumuua. Leteni bajaji au gari mlangoni. Akipata nafuu asirudishwe nyumbani hapohapo, dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye. Na muulizeni daktari wake kama mnaweza kupewa ya kukaa nayo nyumbani na kufundishwa kuchoma.

Jambo moja zaidi, wengi hawalijui: kile chakula dawa cha kwenye pakiti wanachopewa watoto wenye utapiamlo kimetengenezwa kwa karanga. Siku akilazwa popote, neno la kwanza kwa nesi liwe hilo.

#21 Mama Lishe wa Makole

Na mashine ya kusagia? Hamjamjibu.

#22 Mjomba wa Nzuguni

Kweli kabisa dada yangu, na mafuta pia. Tunatumia ya alizeti ya kukamua, ya mtaani.

#23 Tabibu wa Bahi

Mafuta ya alizeti hayana shida yenyewe. Muulize mkamuaji kama mashine hiyohiyo anakamulia karanga. Mafuta ya karanga yasiyosafishwa kiwandani yanabaki na protini, na mabaki kwenye mashine yanaingia kwenye dumu lako.

#24 Mama Lishe wa Makole

Kwa mashine ya unga, mimi nilimwona jirani yangu anavyofanya kwa sababu ya mwanawe. Haendi kwenye mashine za lishe za sokoni kabisa. Kuna mzee anasaga mahindi na mtama tu, lishe hapokei, anasema karanga zinamzibia chekecheke. Huyo ndiye wake. Hata huko anatanguliza debe la mahindi ya kuku, ndiyo ulezi wa mtoto unafuata. Njoo PM Mjomba, nikuelekeze kwa mzee, siyo mbali na kwenu.

#25 Mjomba wa Nzuguni

Nakuja PM sasa hivi.